Muhuri wa Tawi Nyumbani kwa Balozi

Kuna watu ukiulizwa walikuwaje unajibu kwa neno moja: mkarimu, mchoyo, mlevi, mcha Mungu. Balozi wetu wa Igogo nimeshindwa kumpatia neno lake, na nimejaribu kwa miaka. Nikisema alikuwa adui yangu, yananijia mambo matatu manne ya kunisuta. Nikisema alikuwa rafiki, inanijia siku moja tu, na hiyo moja inatosha. Kwa hiyo nitasimulia kama yanavyonijia, na msomaji akipata neno la kumfaa anisaidie, maana mimi limenishinda.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi wa chama kinachotawala. Mimi nilikuwa katibu wa tawi la chama cha upinzani, na kazi yangu ya kula ilikuwa, na bado ni, kushona viti vya pikipiki. Kijiwe changu kilikuwa chini ya mlima, pale njia inayoteremka kutoka kwenye mawe inapokutana na barabara, na pembeni yangu palikuwa na meza ya magazeti. Balozi alifika kwenye meza hiyo kila asubuhi. Sikumbuki akinunua gazeti. Alisimama mikono nyuma, miwani imekaa upande kwa sababu mguu mmoja wa miwani hiyo ulifungwa kwa uzi, akasoma vichwa vya habari kwa sauti, na kila alipofika kwenye habari ya chama chetu aligeuka kunitazama.

"Katibu," alisema, "hebu njoo unieleweshe. Leo nani kamfukuza nani?"

Miaka hiyo chama chetu kilikuwa hakipitishi wiki bila ugomvi. Wakubwa wetu wawili wa taifa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Huyu akiitisha kikao, yule anasema si halali. Huyu akisimamisha watu uanachama, yule anawapokea kwa maua. Sisi wa huku chini tulikuwa tunasoma kwenye simu kama tunavyosoma matokeo ya mpira, na tulishabikia hivyo hivyo. Kwa hiyo Balozi hakuhitaji kutunga kitu. Alichofanya ni kusoma tu, halafu kutoa mhadhara.

Mhadhara wake niliujua kwa moyo. Alisema chama ni foleni. Mtu anaingia nyuma, anasubiri, anatumwa, anabeba viti, anapigiwa kelele na wakubwa, mpaka siku moja anajikuta yuko mbele na hajui amefikaje. "Ninyi kwenu kila mtu anaingilia dirishani," alisema. "Jana kapewa kadi, leo anamfundisha mwenyekiti kuongea. Sasa mtaachaje kukanyagana?" Nikimwambia kwamba kwao watu wanazeekea kwenye hiyo foleni, alitikisa kichwa. "Kuzeeka si dhambi, Katibu. Dhambi ni kufika mapema mahali ambapo hujui kukaa."

Nilimuuliza siku moja kama wao hawagombani. Hakuona haya. "Tunagombana sana. Tunagombana mpaka watu wanalia. Lakini tunafunga mlango kwanza. Hiyo ndiyo tofauti ya chama na genge." Wateja wangu walicheka, na mimi nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Mchana kutwa nilikuwa natafuta jibu la kumpa, sindano mkononi, na jibu lilikuja jioni ameshaondoka.

Kilichonichanganya ni kwamba hakuwa anafurahi kwa namna ninayoijua. Vijana wa chama chake walikuwa wanafurahi waziwazi, wanapita kijiweni kwangu wakinionyesha video za wakubwa wetu wakirushiana maneno. Siku moja nilimrushia methali, nikamwambia, "Balozi, vita vya panzi furaha ya kunguru." Nilidhani nimemweza. Akasema, "Na panzi wakiisha, huyo kunguru kesho atakula nini?" Kisha akawageukia wale vijana akawaambia waache kuchekea msiba wa watu. Walishangaa. Mimi nilishangaa kuliko wao, kwa kuwa dakika tano kabla yeye ndiye aliyekuwa akicheka.

Ubalozi wake aliufanya kwa namna yake. Igogo ya juu nyumba zimekaa kwenye mawe, moja kichwani pa nyingine, na maji machafu ya huyu ni ugomvi wa yule wa chini. Kesi za maji hazikuisha. Mabalozi wengine ninaowajua wanaita pande zote, wanakaa kwenye kiti, wanasikiliza, wanatoa uamuzi. Yeye hakutoa uamuzi. Mama wa chini akija kulalamika kwamba mama wa juu amemmwagia maji ya kufulia mlangoni, Balozi alisikiliza akiwa amesimama, halafu aliuliza swali moja: "Umemwambia mwenyewe?" Kama jibu ni hapana, kesi ilifungwa. "Panda ukamwambie. Akikutukana, rudi."

Mara nyingi walimwomba awafikishie ujumbe. Alikataa katakata. Alisema yeye si mfuko wa kubebea maneno, na kwamba neno likipita mdomo wa tatu linafika limevaa nguo nyingine. Nilimwona akikataa kumpa mume salamu za mkewe, na walikuwa wanaishi nyumba ya nne kutoka kwake. Watu walimwona mkorofi. Lakini kesi zake zikiisha zilikuwa zimeisha, na mama wa juu na mama wa chini uliwakuta wamekaa jiwe moja wanachambua mchicha.

Sasa mseme huyo alikuwa mtu gani. Tulipofanya mkutano wa tawi alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, akatuhesabu kwa kidole. Hakujificha. Mkutano ulipoisha alinifuata. "Nimewaandika ishirini na wanne. Kama nimekosea nisahihishe, nisije nikapeleka uongo." Na mimi, mpumbavu, nilimsahihisha: tulikuwa ishirini na sita, wawili walikuwa nyuma ya nguzo ya umeme. Akashukuru, akafuta, akaandika upya. Wenzangu walinisema wiki nzima.

Halafu ikaja mvua ya upepo, ule upepo wa ziwani unaong'oa mabati, ikaangusha mlingoti wetu. Bendera ilipeperuka mpaka kwenye mtaro. Asubuhi nilimkuta Balozi mlangoni kwangu, bendera ya chama chetu imefuliwa, imekunjwa vizuri, iko mkononi mwake kama shuka la mgeni. "Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma, kitu ambacho hakukifanya sana. "Kitu cha watu hakilali mtaroni." Nilipompa shikamoo yake aliitikia akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba kwao walimhoji kwa nini amefua bendera ya wapinzani. Aliwajibu kwamba sabuni ilikuwa yake.

Nieleze sasa habari ya Shija, kwa kuwa bila Shija hakuna kisa. Shija alikuwa mwenyekiti wetu wa tawi, na kabla ya hapo alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa tunaogelea uchi kule chini ya mawe. Alikuwa akiuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, na nguo zake zote zilinukia dagaa, hata za kanisani. Tuliingia kwenye chama siku moja, tukapewa kadi zinazofuatana namba. Ugomvi wa wakubwa ulipofika kwetu, Shija alishika upande wa mkubwa wa zamani, mimi nikashika wa yule mpya. Ukiniuliza leo tofauti yao ilikuwa nini hasa, nitakohoa. Wakati ule nilikuwa tayari kuifia.

Balozi aliliona hilo kabla yetu. Aliacha kusoma magazeti asubuhi moja, akaja mpaka kwenye cherehani yangu. "Katibu, hao wa juu wakipatana watakunywa chai pamoja. Wewe na Shija mtakunywa wapi?" Nilimwambia mambo ya chama chetu ayaachie chama chetu. Akasema sawa. Akaongeza ule msemo kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na akasema yeye anakwenda zake kulima.

Tawi likagawanyika. Tulikuwa na viti vya plastiki, bendera, na muhuri. Viti na bendera si kitu, lakini muhuri ndio tawi lenyewe. Barua isiyo na muhuri ni karatasi, na fomu ya mgombea isiyo na muhuri haipokelewi. Upande wa Shija walisema nikikaa nao mimi nitagonga barua za kuwafukuza. Upande wangu tulisema hivyo hivyo juu yao. Tulikaa kikao cha mwisho pamoja, tukajadili nani atunze vitu mpaka wakubwa wa juu wamalize ugomvi wao. Kila jina likitajwa, upande mmoja uliguna. Padri? Alikuwa ndugu yake na mmoja wetu. Mwenye nyumba ya ofisi? Alikuwa na kadi mbili mfukoni, za vyama tofauti. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akasema kwa uchovu, "Si tumpe Balozi."

Watu walicheka. Kisha waliacha kucheka, kwa kuwa hakuna aliyeguna. Ndivyo ilivyokuwa, na hata leo nikisimulia kwa watu wa mikoa mingine wananiona mwongo: tawi zima la upinzani lilipanda mlima mchana kweupe, viti vichwani, likapeleka mali zake zikatunzwe kwa balozi wa chama kinachotawala. Tulikuwa tunamwamini yeye kuliko tulivyoaminiana.

Alitupokea mlangoni. Aliangalia viti, akaangalia nyuso zetu, na kwa mara ya kwanza sikumwona na mzaha. "Mnajua mnachofanya?" aliuliza. Tulisema tunajua. "Basi sikilizeni. Muhuri nautunza. Sitaugonga, sitamwonyesha mtu. Lakini siutoi kwa mmoja. Mje wote wawili, mwenyekiti na katibu, kwa miguu yenu, siku moja, saa moja, mnatoka nao. Mmoja akija peke yake nitamrudisha hata akiwa analia. Mmekubali?" Shija alikubali kwanza, na mimi sikutaka kuonekana nasita, nikakubali. Tulipeana mikono na Balozi. Mimi na Shija hatukupeana.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipofika, upande wangu walinisimamisha nigombee uenyekiti wa mtaa. Nitasema wazi kwamba niliutaka ule uenyekiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeuona mtaa wetu ukiwa na kila shida inayotatulika, barabara ya kupandishia wagonjwa, mifereji, taa, na nilijua watu wangenichagua. Hata wa chama cha Balozi waliniambia kwa kunong'ona. Fomu niliijaza kwa kalamu mpya. Ilibaki muhuri.

Kuchonga mwingine mjini ingekuwa kughushi, na upande wa Shija wangenikamata kwa hilo. Kumwendea Shija sikutaka. Tulikuwa hatujasemeshana kwa miezi, tunapishana njiani kila mmoja anaangalia simu yake. Nikangoja nikidhani atakuja yeye, mpaka siku ya mwisho ya kurudisha fomu ikanikuta bado nangoja. Mwisho ulikuwa saa kumi jioni.

Saa sita mchana nilipanda kwa Balozi peke yangu. Alikuwa kibarazani.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Katibu. Mwenzako yuko wapi?"

Nilimweleza. Nilimwambia hii si kesi ya maji machafu, huu ni uchaguzi, na mtaa mzima unanihitaji. Nilimwambia asipotoa muhuri mgombea wa chama chake atapita bila kupingwa, na watu watasema aliupanga mchezo. Nilisema mengine ambayo mtoto wa watu hamwambii mtu mzima. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Tulipeana mkono," alisema nilipomaliza. "Shija yuko Mwaloni. Una saa nne. Panda bodaboda, kamlete."

Madereva wote wa bodaboda walinijua, nusu yao walikuwa wamekalia viti vyangu. Ningefika Kirumba na kurudi kabla chai haijapoa. Sikwenda. Niliteremka mlima nikakaa kwenye cherehani, fomu imewekwa kwenye droo, nikasubiri Shija ajisikie vibaya huko aliko aje. Nilijiambia akitaka atakuja. Saa kumi ilifika, na mgombea wa chama cha Balozi akapita bila kupingwa.

Jioni hiyo niliandika kwenye kundi la simu la tawi. Niliandika kwamba Shija ameliuza tawi, kwamba yeye na Balozi walikuwa kitu kimoja, kwamba dagaa ameona njaa akahamia kwa sangara. Nilijiona mwandishi. Watu waliweka vidole gumba. Shija hakujibu kitu, akajitoa kwenye kundi. Mimi nikaona kimya chake ni ushahidi, na niliwaambia watu hivyo. Baada ya muda nikasikia ameacha biashara ya dagaa, amehamia Magu, analima mpunga. Namba yake niliifuta.

Tawi lilikufa bila hata kuzikwa. Wakubwa wetu huko juu, kweli, walipatana, na kuna picha yao wakicheka. Muhuri ulibaki kwa Balozi. Viti vyetu aliviazima kwenye misiba ya mtaani, lakini kila mara alinipitia kuomba ruhusa, nami nilitoa kwa kutikisa kichwa tu, bila kuinua macho kwenye kazi. Salamu sikumnyima, mtu mzima hanyimwi shikamoo. Ila mazungumzo yaliisha. Alikuja kwenye meza ya magazeti, akasoma kimya, akaondoka. Nilishinda, nadhani. Sikujua ni kitu gani nilichoshinda, na kusema kweli asubuhi zikawa ndefu.

Nilihamishia kijiwe Kirumba, nikakaa miaka bila kumwona. Nilisikia habari zake kwa wateja. Kwamba kwao nao kura za maoni za kuteua wagombea ziliwachana, kwamba watu walirushiana viti kwenye ukumbi, kwamba Balozi aliambiwa ni wa kambi fulani akavuliwa ubalozi na vijana wale wale aliokuwa anawakataza kucheka. Nilitegemea kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa jirani yake ameibiwa.

Mwezi uliopita binti yake alinifuata kijiweni. Alisema miguu ya baba yake haifanyi kazi vizuri, anashinda amekaa, na kiti cha mbao kinamuumiza. Alitaka nimshonee sponji na ngozi kama ninavyoshona viti vya pikipiki. Ningeweza kumwambia alete kiti. Badala yake nilichukua tepu ya kupimia nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta kibarazani pale pale, amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Miwani ilikuwa mpya. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Katibu. Mimi si balozi tena."

"Na mimi si katibu."

Alicheka kidogo, kifua kikamkwama. Nikaanza kupima kiti akiwa bado amekikalia, nikimzunguka. Nilimwambia nimesikia na wao wamegombana. Alikubali. Nikamuuliza kama mlango walifunga.

"Tulifunga," alisema. "Ukavunjwa kutokea ndani."

Nilitaka kuishia hapo, nimalize vipimo niondoke. Lakini swali nililolikalia miaka yote lilitoka lenyewe. Nilimuuliza, nikiwa nimepiga goti nyuma yake ili nisimwone uso, "Balozi, ile siku ungenipa ule muhuri ungepungukiwa nini?"

"Shija naye aliniuliza hivyo hivyo."

Niliacha kupima. "Lini?"

"Siku hiyo hiyo. Wewe ulikuja saa sita. Yeye alikuja saa tatu asubuhi, na ndoo ya dagaa wa kuniletea."

"Alifuata nini?"

"Alifuata muhuri upewe wewe. Alisema, 'Mzee, mimi nimekubali. Akija mwenzangu mpe agonge fomu yake. Mwambie mimi sina neno.' Nikamwambia nenda kamwambie mwenyewe, yuko hapo chini tu na cherehani yake. Akasema hawezi, kwamba ukimwona utamtukana mbele za watu. Akateremka kwa njia ya nyuma."

Nilizunguka nikaja mbele yake. Sijui nilikuwa na uso gani. "Kwa hiyo nilipokuja unajua. Nimesimama hapa naomba, na wewe unajua mwenzangu amekubali."

"Nilijua."

"Hukusema."

"Nilikwambia kamlete. Nilikwambia yuko wapi." Alivua miwani akaishika magotini. "Sijawahi kubeba neno la mtu, Katibu. Miaka yote hiyo. Nilijiambia, kama hawa wanashindwa kupanda mlima pamoja kufuata kitu chao wenyewe, nikiwapa hicho kitu kitawasaidia nini? Nilikaa hapa mpaka saa kumi naangalia njia. Nilijua mmoja wenu atamfuata mwenzake."

"Na chama chako?" nilimuuliza. "Mgombea wako alipita bila kupingwa. Hilo nalo hulisemi?"

Binti yake alileta chai, akaiweka, akaona nyuso zetu, akarudi ndani.

"Nalo lilikuwemo," alisema. "Nikikwambia halikuwemo nitakuwa nakudanganya, na sijawahi kukudanganya. Lilikuwemo kiasi gani ndiyo sijui. Kuna siku naamka naona nilishika ahadi kama mtu mzima. Kuna siku naamka naona niliwamaliza nikajificha nyuma ya ahadi. Wewe unaonaje?"

Nilitaka kumtukana. Nilitaka pia kumshika mkono. Nilikumbuka yale niliyoandika kwenye kundi siku ile, neno kwa neno, yale ya dagaa na sangara. Shija aliyasoma akijua alichofanya asubuhi yake, na hakujitetea. Nami nilikuwa na saa nne na bodaboda za bure. Sasa nimlaumu nani kwanza? Nilikunja tepu nikaitia mfukoni.

"Ana namba gani siku hizi?" niliuliza mwishowe.

"Ananipigia kila sikukuu. Iko humo." Alinisogezea simu yake ya vitufe iliyokuwa juu ya kigoda. "Lakini mimi sisemi. Sema mwenyewe."

Nilitafuta jina, nikapiga. Iliita kwa muda, nikawa naomba isipokelewe. Kisha nikasikia mashine ya kuvuta maji inanguruma nyuma, na sauti ya Shija, nzito kuliko ninavyoikumbuka, imejaa adabu.

"Shikamoo, mzee wangu. Habari za miguu?"

Nilimtazama Balozi. Alikuwa ameangalia upande wa njia, kama mtu asiyehusika.

"Si mzee," nilisema. "Ni katibu."

Mashine ilizimwa. Nilisikia maji yakitiririka shambani, na pumzi yake.

"Katibu wa nini?" Shija aliuliza.

Tawi halipo, ofisi ni duka la vocha, na wale wakubwa tuliogombana kwa ajili yao hawajawahi kujua kama tumezaliwa. Nikamtajia jina langu, lile la utotoni, na nikasubiri kusikia kama bado analikumbuka.